Toka kaya mikono mitupu

Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu pale Diani, pwani ya Kenya, kabla hujaingia unafungwa kaniki. Mwanamume mwanamke wote, ile nguo nyeusi kiunoni, juu ya suruali yako hata iwe ya bei gani, kofia unavua, alafu unasomewa masharti. Hakuna kuokota kitu. Si ua, si jani, si kijiti cha kuchokolea meno, ulivyoingia ndivyo utakavyotoka. Kuni zinaanguka zenyewe zinaozea hapo hapo chini, na huko nje watu wanalia na bei ya mkaa kila siku. Kuna wageni wanaona ni vituko vya kupigia picha wakirudi kwao wawe na cha kuonyesha. Mi naona ni somo la mali ambalo kanisani kwetu sijafundishwa bado, na kanisa naenda sana tu.

Kwa wasiojua, kaya ndio ilikuwa miji ya Wamijikenda, yale makabila tisa ya Pwani, zamani, miji iliyojificha ndani ya msitu, unaingia kwa njia nyembamba, na kuna fingo, yaani dawa ya kuulinda mji, imezikwa mahali wanapojua wazee peke yao. Baadaye watu wakatoka mmoja mmoja kutafuta mashamba, msitu ukabaki na makaburi na wazee wa maombi. Mwaka 2008 UNESCO wakaiweka misitu kumi ya kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia, kuanzia Kinondo huku kusini mpaka Kauma kule Kilifi, umbali kama wa kilomita 200 hivi. Lakini sio UNESCO waliozuia panga miaka yote hiyo bana. Kinondo yenyewe ni hekta 30 tu hivi, na iko karibu na ufuo ambao kila mwenye hela anautaka, ploti pale sisi tunaziangalia kwenye picha tu. Kilichoilinda ni kwamba watu waliamini kuna kitu kitawapata wakikata, na ukikamatwa na wazee unatoa kuku au mbuzi na aibu juu. Na Wadigo, wenye hii kaya, wengi ni Waislamu, mzee wa kaya utamkuta Ijumaa amekaa safu ya mbele msikitini. Wale wa kubishana mitandaoni kwamba mtu lazima achague moja waende wakabishane na hao wazee, mi simo.

Ambao walielewa vizuri sana kaya ina nguvu gani ni Waingereza. Walikuwa wanataka Wagiriama, moja ya hayo makabila tisa, wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu, sasa mtu ambaye ana mahindi yake, mnazi wake wa kugema, na hana kitu anachokitamani dukani, utamtoaje nyumbani kwake? Ndio ikaja kodi ya nyumba. Unatozwa kodi ya kibanda chako mwenyewe ulichokijenga kwa makuti yako, na inatakiwa pesa taslimu, na pesa taslimu iko kwa nani, kwa mzungu. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akazunguka mwaka 1913 anawalisha watu kiapo wasikubali, na mwaka uliofuata serikali ikaenda Kaya Fungo, ile kaya kuu ya Wagiriama, ikailipua kwa baruti. Msitu! Yaani walikaa wakafikiria wakaona adui yao ni miti na kile watu wanachokiamini katikati ya hiyo miti.

Sasa vigango, manake hapo ndipo huwa nashikwa na hasira. Mgiriama akiwa ni wa gohu, kile chama cha wazee wenye hadhi, akifa kuna siku atamtokea mtu wake ndotoni au nyumba itaingiwa na maradhi yasiyoeleweka, basi inajulikana mzee anataka kigango. Anachongewa nguzo ya mti mgumu usioliwa na mchwa upesi, ndefu inaweza kufika kimo cha mtu, kichwa chake juu, mwili una vipembetatu vilivyochorwa mstari kwa mstari, kiunoni inafungwa vitambaa, chekundu, cheupe na cheusi. Inasimikwa na inamwagiwa uchi wa mnazi, yaani pombe ya mnazi, na watu wanaongea nayo, wanamwambia mzee habari za watoto na mvua. Na ikishasimikwa haing'olewi. Mkihama mnahama nyinyi, kigango kinabaki kinaliwa na jua na mvua mpaka kiishe chenyewe, huko mnakoenda mtaweka kingine kidogo. Fikiria hiyo: kitu cha gharama na heshima kuliko vyote mlivyo navyo, na ndicho ambacho hamkibebi kwenye mizigo.

Wazungu wakapenda. Kuanzia miaka ya 70 na 80 vijana wetu wenyewe, nasema wetu sisingizii mtu, wakaanza kung'oa usiku wanauza maduka ya vinyago Mombasa kwa hela ya kula, na ikifika Marekani inauzwa maelfu ya dola. Vikasimama kwenye sebule za watu wa Hollywood, karibu na kochi. Baadaye wenyewe wakavigawia makumbusho. Kuna habari ya mzee Kalume Mwakiru, vigango viwili vya ndugu zake viliibwa mwaka 1985, na mtafiti mmoja mama wa Kimarekani, Monica Udvardy, alikuwa amempiga picha mzee amesimama navyo mwaka huo huo. Miaka ilipita, mzee akafariki, yule mama akaja kukiona kimoja kwenye picha za slaidi mkutanoni Marekani akakitambua. Kimoja kilikuwa Illinois kingine Virginia. Vikarudishwa, 2006 na 2007. Makumbusho ya Denver nayo yakaachia 30, safari ya kurudi ikachukua miaka mpaka 2019. Na kuna tisa vya chuo kimoja California, hivyo vilifika mpaka Nairobi vikakwama uwanja wa ndege kwa sababu vilidaiwa ushuru. Wazee tisa wanadaiwa ushuru wa kuingia nchini kwao! Nikisoma hiyo nilicheka alafu nikanyamaza.

Maana ukiangalia, tofauti ya yule mzungu na sisi iko wapi siku hizi. Yeye alitaka kitu kizuri cha kuweka sebuleni. Na mi sebule yangu hapa Mtwapa ndio inanipangia maisha. Nilikuwa natafuta nyumba ya kuhamia, dalali akanipeleka moja swafi, kodi nafuu, uani mwembe, nje baraza unakaa unasalimiana na watu, ikabidi niiache sababu mlango ni mwembamba na sofa yangu ni ile ya kona, haiingii hata ukiisimamisha. Nikachukua fleti ambayo sofa inaingia. Sasa jua la jioni linapiga pale pale kwenye sofa, kitambaa kitapauka, kwa hiyo mapazia yanafungwa kuanzia saa nane, na ukifunga mapazia upepo wa bahari hauingii, basi feni inazunguka mchana kutwa na tokeni za stima zinayeyuka. Nina tivi kubwa, kwa hiyo madirishani kuna grili, mlango una makufuli, kuna soja getini tunamchangia. Jirani wa mlango wa pili namjua kwa kikohozi chake. Hakuna aliyenilazimisha haya, kila kitu kiliingia kikiwa na sababu zake nzuri tu, lakini jumla yake ni kwamba naishi umbali wa kutupa jiwe kutoka bahari ya Hindi na sipati upepo wake kwa ajili ya kulinda kitambaa.

Na kanisani hili haligusiwi. Ule mfano wa tajiri aliyevunja ghala zake ajenge kubwa zaidi unasomwa, ndio, alafu mahubiri yanaisha kwa kuombea watu wapate gari. Lakini koma, yaani mizimu ya mababu na vile vijiti vyao, eeh, koma tutasikia kila mwezi wa nane wakati wa semina, mambo ya giza, ng'oeni chomeni moto. Sisi Wakristo wa Pwani tunaogopa koma za babu zetu kuliko tunavyoogopa tamaa, na kati ya hivyo viwili mi najua ni kipi kimemaliza minazi na mikoko yetu. Sisemi watu warudi kumwagia koma uchi wa mnazi, mi mwenyewe nikifika nyumbani nasimama mbali kidogo. Nasema tu yule aliyekataza kuokota kijiti kwenye kaya alikuwa anajua kitu kuhusu mkono wa binadamu, kwamba ukiuruhusu kijiti leo kesho utakuja na pawasoo, ule msumeno wa injini.

Na si kwamba imani ya zamani ni dawa ya kila kitu, tusidanganyane. Hii hii Kilifi wazee wanauawa na watu wa familia zao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi, na ukichimba sana unakuta ni ardhi, kijana anataka kuuza na mzee ndiye amesimama katikati, mvi zake zinageuzwa ushahidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia mila yote nzima nzima, muulize kwanza shamba lao limegawanywa vipi.

Kwetu Kaloleni saa hii kuna kesi yake ndogo. Kaka yangu anataka kujenga nyumba ya maana, ameshachoresha ramani, na sebule kwenye ramani imekaa juu ya koma za tsawe, yaani babu. Vijiti vitatu vifupi vimeinama, mtu asiyejua atadhani ni mambo ya kufungia mbuzi, kimoja bado kina kitambaa kimeisha rangi. Mchungaji kasema ng'oa, Mungu hakai na hivyo vitu. Fundi kasema kokoto zinaletwa wiki ijayo, amueni. Gurupu ya familia kwenye WhatsApp imewaka moto, kuna binamu mmoja yuko Doha hajafika nyumbani miaka na miaka yeye ndiye mkali kuliko wote, anataka koma zilindwe na pia anataka vyumba vitano. Wengine wanasema kuna mzee wa kuja kuziongelesha zihamishwe kwa utaratibu, wengine wanasema gharama ya huyo mzee si bora tuongeze saruji.

Shangazi hakuandika kitu siku zote hizo, yeye hutuma sauti tu. Jana akatuma. Kasema nyumba isogezwe kuelekea mkanju, yaani ule mkorosho, koma zibaki, na mkanju usikatwe vile vile. Kaka akamjibu kwa heshima zake zote, shangazi, tukisogeza huko sebule inapungua, na mimi nimeshalipia meza ya kulia ya watu wanane, itakaa wapi?

Akatuma sauti nyingine fupi. Irudishe dukani, mtakula mkekani.