Gobore Hulala Nje, Betri Hulala Ndani

Mamangu aliponipigia simu ya video Ijumaa mchana alinikuta nimetandaza vitu sakafuni kama mtu anayehama: soksi zenye nyaya, kizibao cha kujipashia joto kwa betri, glavu za aina tatu, vipakiti vya kupashia mikono moto, na kofia ya rangi ya chungwa inayoumiza macho.

"Mwanangu, waenda vitani?"

Nikamwambia naenda kuwinda. Akanyamaza kidogo. "Kwani nyama imekwisha madukani huko Marekani?"

Sikuwa na jibu la maana. Kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na silaha pekee nilizozikaribia utotoni Mombasa ni mizinga ya Fort Jesus, tuliyokuwa tukiipanda kama punda. Lakini hapa Minnesota, mwezi wa kumi na moja ukiingia, nusu ya watu kazini kwangu huomba likizo na kutoweka msituni. Mzee mmoja wa zamu yetu, ninayemwita Mzee na anayeitika tangu nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, alikuwa amenialika miaka mitatu mfululizo. Kisingizio changu kilikuwa cheti cha usalama wa bunduki, ambacho huku aliyezaliwa baada ya 1979 hudaiwa kabla ya kuuziwa leseni. Mwaka huu nikakipata cheti. Kisingizio kikafa.

Msimu wa bunduki za kawaida ulikuwa umekwisha. Uliobaki ulikuwa wa gobore, ambao huanza Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba, na kuendelea kama wiki mbili. Naam, gobore lenyewe, la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Risasi ni moja. Ukikosa, unashindilia upya huku kulungu anakuaga. Na kwa kuwa ni Desemba, baridi imeshakomaa.

Tuliondoka Brooklyn Park saa tisa alasiri, tukaishika barabara ya 35 hadi Cloquet, tukakata kuitafuta ya 53 inayopanda kaskazini. Njia yenyewe haina mengi: misonobari, theluji, giza la saa kumi na nusu. Baada ya mji wa Virginia, penye migodi mikubwa ya chuma, Mzee akawa ananisomea kipimo cha joto kwenye kioo cha gari kama mtangazaji wa mpira. Hasi 14. Hasi 17. Tulipofika karibu na mji wa Tower ilikuwa hasi 21, na akaona ni wakati mzuri wa kunijulisha kwamba hapo ndipo ilipoandikwa baridi kali kuliko zote katika historia ya Minnesota, nyuzi 51 chini ya sifuri, Februari 2, 1996. Jirani yake kuna kijiji kinachoitwa Soudan, penye mgodi wa chuma uliofungwa 1962. Husemekana waliokibatiza walikuwa wakifanya mzaha: mahali pa baridi namna hii pakapewa jina la nchi ya jua kali. Nilicheka, kisha nikapandisha zipu.

Kibanda chake kina jiko la kuni na vitanda vinne. Nilipotaka kuliingiza ndani gobore nililoazimwa, Mzee akanizuia mlangoni. Chuma baridi kikiingia kwenye joto hutoka jasho, akasema, kama chupa ya soda iliyotoka friji, na maji yakiifikia baruti kesho utabonyeza na utasikia "tik" tu. Akaning'iniza magobore yote mawili bandani nje, hayana fataki ya kuwashia baruti. Kisha akaniuliza betri zangu ziko wapi. Ziko garini, nikasema. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mtoto ameachwa sokoni.

"Gobore hulala nje, betri hulala ndani. Kazilete."

Nikazileta. Ila sikuuliza kwa nini, na hilo lilinigharimu siku nzima.

Asubuhi nilivaa kama nilivyowaza mimi. Fulana ndefu ya sufu, hiyo ilikuwa sawa. Juu yake kizibao: ndani kina nyuzi za kaboni mgongoni na kifuani, na kitufe chenye taa tatu, nyekundu kwa moto mkali, nyeupe kwa wa kati, buluu kwa mdogo. Nikakiwasha nyekundu tukiwa bado kibandani. Juu ya hapo sweta, jaketi zito, na fulana ya chungwa ambayo sheria inaitaka. (Tangu 2017 inaruhusiwa pia waridi inayong'aa. Nilimwuliza Mzee kwa nini hakununua hiyo, hakujibu.) Shingoni nikazungusha kikoi cha marehemu baba, kwa ajili ya baraka. Betri nikaitia mfuko wa nje wa jaketi ili niifikie kwa urahisi.

Kutoka kibandani hadi kwenye dungu langu ni kama kilomita moja, theluji magotini. Ninasema dungu kwa sababu ndilo hasa, kama lile la kuwindia ndege na nguruwe kwenye shamba la mpunga, ila hili ni la chuma, limeegemezwa mtini, na unajifunga mkanda usije ukasinzia ukaanguka. Nilifika juu nikiwa nimelowa. Mgongo mzima maji. Nikajipongeza: kizibao kinafanya kazi!

Ilikuwa saa moja na dakika kumi, nusu saa kabla ya jua kuchomoza, ndipo sheria inaporuhusu. Msitu ulikuwa kimya hadi nikasikia kope zangu zikigandana. Mtu anayetembea katika baridi hujipasha mwenyewe. Mwindaji hapewi nafasi hiyo. Anakaa kama mzigo, haruhusiwi hata kupiga miguu, na mwili usiofanya kazi hautengenezi moto wa kutosha. Ndiyo maana watu hawa wamevumbua kila kitu chenye waya.

Saa mbili na nusu taa nyekundu ikazimika. Nikabonyeza, ikawaka, ikazimika. Pakiti iliandika muda wa saa tatu kwenye moto mkali. Mimi sikupata hata mbili. Na sasa lile jasho likaanza kudai chake. Liligeuka baridi kutoka kiunoni kupanda juu, taratibu, kama mtu anayekumiminia maji ya kisima kwa kijiko. Kikoi cha pamba kilichonyonya jasho la shingo kilikuwa kimekauka kama ubao. Nilipogeuza kichwa kilinikwaruza kidevu. Soksi za betri zilikuwa bado zinafanya kazi, lakini nilikuwa nimevaa mbili mbili ndani ya buti iliyonitosha kwa moja, damu haipiti, na moto usio na damu ya kuusambaza unabaki pale pale ulipo waya.

Nikasema nile. Mke wangu alinifungia mahamri. Nikatia jino, hamri likagoma. Nikaligonga kwenye chuma cha dungu ili limeguke, likalia ko! na sauti ikasafiri msitu mzima. Mzee, aliyekuwa mita mia tatu kutoka pale, aliniuliza baadaye ni nani aliyekuwa akigongagonga mlango.

Saa nne nikashuka. Sikuona hata sungura.

Kibandani aliniweka mbele ya jiko, akaichukua ile betri niliyoiita mbovu, akaitia ndani ya shati lake. Tulipomaliza chai ya pili akaitoa, akabonyeza: taa mbili za kuonyesha chaji zikawaka. Haikuwa imekwisha. Betri za lithiamu hufanya kazi kwa kemia, na kemia ikipigwa na baridi inazembea. Umeme umo ila hautoki. Nilipotaka kuichomeka chaja pale pale akasema hapana, iache ipate joto la chumba kwanza, maana ukiichaji ikiwa imeganda unaiharibu ndani kwa ndani na haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Halafu ukaja mhadhara. Mzee si msemaji, lakini juu ya baridi ana dini yake. Kizibao si nguo, alisema. Nguo ni sufu. Kizibao ni kama pilipili, haishibishi mtu. Pamba asiione tena mwilini mwangu. Vile vipakiti vya unga, alivyoona nimevisokomeza kwenye buti, akavicheka: ndani yake kuna unga wa chuma, chumvi, mkaa na unyevu kidogo, na joto lake ni la chuma kushika kutu. Kutu inataka hewa. Kwenye buti iliyobana, itatoka wapi? Viweke mfukoni pamoja na mikono, na visiguse ngozi.

Nikamwuliza, kwa nini basi usijenge dungu la kufunga, tukaweka jiko la gesi ndani? Akasema ana jirani mwenye nalo, na kila mwaka humkumbusha aache dirisha wazi. Hapo hakuhitaji kunieleza. Kwetu nani hajasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, wasiamke?

Jumapili ilikuwa hasi 24. Nilitembea kwenda dunguni nikiwa na fulana ya sufu na sweta tu, jaketi na kizibao viko begani kwenye begi, nikisikia baridi na nikiiacha inisikie. Nilikwenda polepole kama mwali. Juu ya dungu nikakaa dakika kumi mwili upoe na ukauke, ndipo nikavaa. Betri safari hii ilikuwa mfuko wa ndani, imebanwa na mbavu, na ya akiba upande wa pili. Kizibao sikukiwasha. Soksi moja kila mguu. Mikono kwenye mfuko wa manyoya unaofungwa kiunoni, vipakiti viwili humo, chupa ya chai ya tangawizi katikati ya mapaja.

Nilikiwasha saa tatu, taa ya buluu, robo saa tu, nilipoanza kutetemeka. Nikakizima. Baada ya saa moja tena. Nilijifunza kukitumia kama mtu anayekunywa maji jangwani. Mchana mbwa mwitu walilia mbali, upande wa ziwa, na nywele zangu zikasimama ndani ya kofia, lakini si kwa baridi.

Saa kumi kasoro, jua limeshalala juu ya miti, kulungu akatoka kwenye misonobari. Namwita kulungu kwa kukosa jina jingine. Wa huku ni mkubwa kuliko wetu na mkia wake ni mweupe kwa chini. Dume, pembe ndogo. Alisimama, akatega masikio. Nilivua glavu ya kulia na vidole vilikuwa vidole, si vijiti. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikabonyeza.

Gobore halikusema "tik". Lilinguruma, na wingu jeupe la moshi likanifunika nisione kitu. Lilipotawanyika, alikuwa ameanguka hatua chache kutoka pale aliposimama.

Mzee alinikuta nimechutama pembeni yake, lebo ya leseni mkononi. Akanipa kisu na kunielekeza pa kupasua. Glavu hazifai kwa kazi hiyo, nikavua zote mbili, nikaingiza mikono hadi kwenye viwiko kutoa matumbo. Mvuke ukapanda usoni mwangu. Tangu Ijumaa, kwa nyaya zote nilizonunua, mikono yangu haikupata moto kama ule, na niliiacha humo muda kidogo zaidi kuliko kazi ilivyohitaji. Mzee aliona, akatazama pembeni.

Kisha tukamfunga kamba kuanza kumburuta. Hatua hamsini hazikwisha, Mzee akasimama.

"Umekizima hicho kizibao?"

Sikuwa nimekizima.