Siku moja na magobore ya Ugiriki

Saa mbili asubuhi karakana yetu hapa Athens bado ina baridi. Nawasha taa na jiko la kahawa, navaa glavu. Kazi yangu ni kusafisha silaha za kale na kumsaidia bosi kuandika hati: bunduki ya wapi, ya lini.

Saa tatu naanza na gobore la Kifaransa. Mtambo wake, ile sehemu ya kulipulia baruti, umechongwa "Mre Rle de St Etienne", kifupisho cha kiwanda cha kifalme cha Saint-Étienne. Ingekuwa ya enzi ya Napoleon ningesoma "Imp", yaani "ya kaisari". Nyuma ya mtutu kuna "Mle 1822", na ubavuni 1826. Wanunuzi wengi hushika ile 1822, lakini huo ni mwaka wa muundo tu. Mtutu wenyewe ni wa 1826. Inawezekana kabisa ilishuka Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, mwaka 1828 na askari wa Jenerali Maison wa Ufaransa, waliokuja kuliondoa jeshi la Misri la Ibrahim Pasha.

Saa tano ni zamu ya gumegume ndefu ya Kibalkani, bunduki inayowasha baruti kwa cheche za jiwe. Nafuta mafuta ya zamani kwenye shaba, zinatokea tarakimu za Kiarabu, zile zile tulizojifunza chuoni utotoni: ١٢٣٥. Hijria 1235 ni 1819 kuingia 1820. Bosi ananiita mimi kila tarakimu hizi zinapotokea, maana 2 na 3 zilizolika na kutu zinamchanganya. Kwenye mtutu, kwa herufi za Kilatini: "Lazaro Lazarino". Hilo halinibabaishi. Lazzarino Cominazzo alikuwa fundi wa Gardone, karibu na Brescia, karne ya 17, na jina lake lilisifika mno hata mafundi wa Balkani wakawa wanalichonga, tahajia ikipinda kila mmoja kivyake. Naandika "mtutu wa mtindo wa Kiitaliano", basi.

Saa nane tunafunga. Mchana hapa watu hulala, nami nalala.

Saa kumi na moja na nusu anaingia mzee na bunduki iliyofungwa kwenye blanketi. Juu ya mtutu pameandikwa ΕΛΕΥΘΕΡΙΑ Ή ΘΑΝΑΤΟΣ, uhuru au kifo, na 1821. Ndio mwaka Wagiriki walipoanza vita vya uhuru dhidi ya Waturuki. Mimi mwaka huo nauogopa kuliko wowote, maana ndio unaouza.

Naweka lenzi. Kutu imeula mtutu vishimo vishimo, lakini mistari ya herufi inapita juu ya vishimo hivyo, kingo zake kali. Kumbe chuma kilikuwa kimeshazeeka kilipochongwa. Halafu mtambo ni wa fataki, kile kikofia kidogo kinachogongwa na nyundo badala ya jiwe. Gumegume nyingi zilibadilishwa kuwa za fataki, kwa hiyo natafuta matundu yaliyozibwa pale kisahani cha baruti kilipokaa. Hakuna hata moja. Hii ilizaliwa ya fataki, na fataki hazikuenea majeshini hadi miaka ya 1840.

"Mzee, bunduki ni ya kale kweli," bosi anamwambia, "ila maandishi ni ya baadaye."

"Babu yake babu yangu alipigana nayo!"

"Pengine familia iliandika kwa kumbukumbu."

Mzee anaikunja blanketi. Anasema ataipeleka kwa mtu anayejua. Saa moja jioni tunajaza hati za zile mbili nyingine, na bosi ananiambia kesho niagize brashi laini, hizi zimekwisha.