Alotimenti yangu Leicester: kuanzia ufunguo hadi mchicha

15 Februari

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa geti. Nimesubiri zaidi ya miaka miwili kwenye foleni ya halmashauri, na sasa nina ardhi ya kulima hapa Uingereza: nusu kiwanja, rodi 5. Mashamba haya madogo ya kukodi, alotimenti, bado yanapimwa kwa rodi kama enzi za mababu zao. Kiwanja kizima ni rodi 10, kama mita za mraba 250, kwa hiyo changu ni mita 125 hivi. Kodi unalipa kwa mwaka. Wanaoona ni hisani ya halmashauri wajue kwamba sheria ya 1908 inazitaka halmashauri zitenge ardhi hii pale wananchi wanapoihitaji.

Nilichokikuta: nyasi zilizolala chini kama mkeka uliolowa, banda la mbao limeinama, pipa la maji limepasuka. Kilichopona ni rubarbi moja kwenye kona, mmea wa mabua machachu yanayoliwa, inaanza kutokeza vichwa vyekundu. Udongo ni mfinyanzi mtupu, nilitoka na kilo nzima kwenye kila kiatu. Nimefurahi kupita maelezo.

1 Machi

Mpango wangu ulikuwa kulima kote kabla ya Pasaka. Nimekulia Lushoto, jembe nimelishika nikiwa darasa la pili, nikaona mita 125 ni kazi ya wiki mbili. Wikiendi tatu zimepita na nimesafisha mita kumi na mbili.

Adui ni nyasi za jamii ya sangari yetu. Nilichimbua mzizi mmoja nikaukalisha kiganjani: mweupe, mwembamba kama kamba ya kiatu, una pingili kila baada ya sentimita mbili tatu, na ncha yake ngumu kama sindano. Ulikuwa umetoboa kiazi kilichosahaulika ardhini, umeingia upande huu na kutokea upande wa pili. Ukikata kwa sepetu umezidisha, kwa sababu kila pingili inachipua. Lazima uinue udongo kwa uma wa kulimia, uuvunje kwa mikono, uuvute mzizi mzima polepole.

Basi nimebadili mawazo. Thuluthi moja tu ndiyo nitailima mwaka huu. Kwingine kote natandaza maboksi, tabaka mbili, nimebandua selotepu zote, na juu yake matandazo ya vipande vya miti. Bila mwanga magugu yatachoka yenyewe. Maduka ya baiskeli yanatoa maboksi makubwa bure, ukiomba vizuri.

16 Machi

Nilikuwa naongea na mama kwenye simu, kwa sauti, nikidhani niko peke yangu. Kiwanja cha pili akainuka mama wa Kihindi mwenye koti la mvua, akaniuliza: "Wewe natoka wapi? Kenya?"

Nikasema Tanzania, Lushoto. Yeye amezaliwa Jinja. Alikuja hapa mwaka 1972 akiwa msichana, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Mwaka huohuo halmashauri ya jiji hili ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu, na leo yeye analima methi (uwatu), dhania na mimumunye pale uzioni. Wote hapa wanamwita Masi, yaani mama mdogo, nami namwita hivyo. Mama yangu akataka kuongea naye. Wakaongea dakika kumi kwenye simu yangu, mimi nimeshika uma tu.

Nimeleta magunia tisa ya samadi ya farasi kutoka kwenye zizi moja nje ya mji. Masi akaniambia, "Ngoja. Kwanza panda maharagwe." Miaka ya nyuma nyanya zake zote ziliharibika kwa samadi.

18 Aprili

Matokeo ya maharagwe. Nilijaza vyungu viwili dirishani, kimoja mboji ya dukani peke yake, kingine mboji hiyohiyo nusu kwa nusu na samadi. Maharagwe matatu kila kimoja, visahani tofauti ili maji yasichanganyike.

Chungu cha kwanza majani yamekunjuka, mapana. Chungu cha samadi majani mawili ya mwanzo yalikuwa mazuri, nikaanza kufurahi. Kisha yaliyofuata yakatoka yamejikunja kama vikombe, mishipa imebanana, na ncha ya shina imejipinda kama ndoana. Yote matatu.

Dalili hizo ni za aminopairalidi, dawa ya magugu inayopigwa kwenye malisho. Haidhuru nyasi, inaua mimea yenye majani mapana. Farasi anakula nyasi kavu zilizopigwa dawa, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inabaki ndani ya samadi. Maharagwe, nyanya na viazi ndivyo vinavyoumia zaidi. Mwenye zizi alisikitika kwa dhati, nyasi zile alizinunua kwingine. Magunia nimeyarudisha yote tisa. Bila Masi ningekuwa nimeyamwaga kwenye tuta la viazi.

11 Mei

Viazi nilivyopanda tarehe 5 Aprili vimechomoza. Jana watabiri wa hewa walitangaza jalidi usiku, yaani baridi ya kugandisha umande. Nikakimbia jioni kuvifukia kwa udongo na kutandika mashuka ya zamani juu. Majani mawili matatu yaliyochungulia nje ya shuka yameungua, meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mengine salama.

Mchicha niliousia dirishani Aprili umekufa wote, shina zimenyauka usawa wa udongo. Baridi na maji mengi. Kosa langu, niliharakisha.

21 Juni

Mchicha wa pili upo! Mbegu alinipa Masi, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akisema "mchicha" vilevile kama sisi. Nilisia tarehe 1 Juni moja kwa moja tutani, udongo ukiwa na joto, nikafunika kwa wavu kwa ajili ya njiwa. Siku ya tano zilishaota. Koa wamekula mstari mmoja. Usiku natoka na tochi na kopo kuwaokota, ndiyo njia pekee iliyonifaa.

Leo nilikaa shambani hadi saa tatu na nusu usiku, jua ndiyo kwanza linazama. Nimeng'oa shina la kwanza la viazi: kumi na moja, ngozi inatoka kwa kidole. Sita nimempelekea Masi.

Wiki ijayo: kupunguza mchicha (vinavyong'olewa vinaliwa), kuziba maboksi pale sangari ilipochungulia ukingoni, na kutafuta pipa la maji.