Siku niliyolaliwa na chuma Tandika

Hii ilikua 2014, Tandika, Dar es Salaam, kwenye jimu yetu ya uani, hakuna kioo hakuna feni, ni benchi la mbao, bomba na zege zilizomwagwa kwenye makopo ya rangi. Kila zege imeandikwa kilo zake kwa rangi nyekundu, nani alizipima hakuna aliyejua, tulikua tunaamini tu.

Nilikua na miaka 22 na nilichokua natamani ni kujua benchi yangu ya mara moja ni kilo ngapi, yani mzigo mkubwa kabisa ninaoweza kuusukuma mara moja tu nikiwa nimelala kwenye benchi. Pale tulikua na kaka mmoja mkubwa anafundisha hesabu sekondari, wote tunamwita Mwalimu, ndo alituonyesha kwamba sio lazima kila wiki ujaribu mzigo wa mwisho uharibu mabega, unaweza ukakadiria kwa hesabu. Akaandika ukutani kwa mkaa. Ya Epley, kocha wa nguvu wa Chuo Kikuu cha Nebraska kule Marekani: mara ulizopiga gawanya kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa uzito. Ya Brzycki, kocha mwingine wa Marekani, ya 1993: uzito zidisha kwa 36, afu gawanya kwa kinachobaki ukitoa mara ulizopiga kwenye 37. Nikazinakili kwenye simu.

Jumamosi jioni Mwalimu hajafika, nikapiga kilo 60 mara 15, zile za mwisho mikono inatetemeka. Epley akanipa 90, Brzycki 98. Hapo ndo nilitakiwa nijiulize inakuaje hesabu mbili za kitu kimoja zinapishana kilo 8, sikujiuliza, nikaifata ile kubwa, nikapakia 95, dogo mmoja akasimama kichwani kunishikia.

Ikashuka vizuri mpaka kifuani, ikakaa. Nasukuma haiendi, pumzi inatoka hairudi, dogo anavuta peke yake na bomba limeinamia upande wa kushoto, namuona tu mishipa ya shingo imemtoka na hana la kufanya. Mungu saidia Mwalimu ndo anaingia getini, akatupa mfuko wake chini wakainua wote wawili. Fulana ilibaki na mstari wa kutu katikati ya kifua.

Hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulipiga mara ngapi?" Nikamwambia 15.

"Dogo, mara 15 umepima pumzi na uvumilivu, sio nguvu. Hizi hesabu ziamini mara 10 kushuka, na ukipiga 3 mpaka 5 ndo zinakaribia kabisa ukweli." Akachukua mkaa akanionyesha: 60 mara 10, zote mbili zinatoa 80 kamili. Ukivuka 10 zinaanza kuachana, na kadri unavyozidi ndo pengo linapanuka. Afu akatulia, akaiangalia ile zege ya kushoto. "Na hizi nani kazipima?"

Jumatatu tukazipakia kwenye mkokoteni mpaka kwa jamaa wa chuma chakavu mwenye mizani. Zege ya 25 ikasoma 22 na nusu, pacha wake 24. Bomba tulilokua tunaliita kilo 10 lilikua 9. Yani ile 60 yangu ilikua 55 na nusu, miezi yote ile! Iliniuma kweli, maana nilikua naandika kila seti kwenye daftari, na daftari zima likawa halina kazi.

Tukaandika upya kwa rangi nyeupe kilo za kweli. Kifua kilivyoacha kuuma nikapiga 70 mara 5, ya sita haipo. Brzycki akasema karibu 79, Epley karibu 82, pengo la kilo 3 tu. Mwalimu akasema tutajaribu 80, ila upumzike kwanza.

Jumamosi iliyofuata nikapasha na 50, 65, afu 75 moja ikapanda bila shida. 80 ikashuka, ikagusa, ikapanda, ikasimama katikati kama inafikiria, watu kimya, mikono ya Mwalimu iko chini ya bomba haijaligusa, ikamaliza.

Akaandika 80 na tarehe pale pale chini ya zile hesabu. Nikamwambia kaka naisikia bado ipo, tuongeze 2 tu. Alikua ameshaanza kushusha zege.