Moyo Wangu Ulivyotibiwa kwa Baridi, na Jinsi Nilivyohangaika Kuunasa Ukiwa Mbioni

Kwa miaka mingi niliambiwa kwamba nina mawazo. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari upande wa Uyole, jijini Mbeya, na kila nilipoeleza kwamba moyo wangu huanza kukimbia ghafla nikiinama kuokota chaki, ukakimbia nusu saa au zaidi, kisha ukatulia ghafla vilevile, nilipewa ushauri ambao hadi leo nikiukumbuka unanichefua: acha kahawa, punguza chumvi, kaombewe, tafuta mume. Mtaalamu mmoja aliniandikia dawa za presha ilhali presha yangu haijawahi kupanda. Mama mdogo wa Makete yeye alikuwa na hakika kwamba ni jicho la mtu.

Tatizo lenyewe linaeleweka vizuri. Katikati ya moyo kuna kituo kidogo kinachopokea umeme kutoka vyumba vya juu na kuupitisha kwenda vyumba vya chini. Madaktari hukiita nodi ya AV. Kwa baadhi yetu umeme una njia mbili za kukifikia kituo hicho, moja ya haraka na nyingine ya polepole, na ikitokea umeme ukashuka kwa njia ya polepole na kurudi juu kwa ile ya haraka, unabaki ukizunguka palepale, na moyo wote unalazimika kuufuata kwa mapigo 180 au hata 200 kwa dakika. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi na hali hii, na mara nyingi moyo wenyewe huwa mzima kabisa.

Uzima huo ndio ulioniponza. Ukipimwa ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, moyo ukiwa umetulia, karatasi inatoka safi, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya ultrasound, nacho kinatoka safi. Daktari bingwa niliyemwona Dar es Salaam alinisikiliza kwa heshima, lakini akaniambia waziwazi kwamba kabla ya kuzungumzia kuingiza mirija moyoni alitaka kuona karatasi ya ECG iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni. Nikarudi Mbeya kuuwinda moyo wangu mwenyewe.

Mawindo hayo yalinitoa jasho. Moyo ukianza, nilikuwa naita bodaboda, tunateremka barabara kuu katikati ya malori ya Zambia, nafika mapokezi huku shingo inadunda. Hapo naulizwa kadi. Nikitoa kadi, naulizwa bima. Bima ikikubali, napelekwa kupimwa uzito na urefu, kana kwamba urefu wangu ungekuwa umebadilika tangu wiki iliyopita. Kufikia mlango wa chumba cha ECG, moyo umeshatulia na mimi naonekana mzushi. Mara moja nilifika mpaka kitandani, waya zote zimeshabandikwa kifuani, yule dada wa vipimo akagundua kwamba karatasi za mashine zimeisha. Alipokuwa anavuta droo ya pili, nikausikia moyo ukiruka mara moja na kutulia. Akanitazama kwa huruma akasema, “Mbona uko sawa tu, Mwalimu?” Nilitamani kulia, lakini nilicheka.

Kilichozidisha ugumu ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshafundishwa namna ya kuutuliza moyo ukiwa mbioni. Daktari mmoja kijana alinipa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, akanielekeza nikae nikiwa nimeegemea, nilipulize kwa sekunde 15 kwa nguvu ya kutosha kukisogeza kile kisukumio, kisha nilazwe chali mara moja na mtu anyanyue miguu yangu juu kwa sekunde 15 nyingine. Mbinu hii ilipimwa Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015: ilirudisha mapigo ya kawaida kwa wagonjwa 43 katika kila 100, wakati kupuliza peke yake bila kunyanyua miguu kulifanikiwa kwa 17 tu. Katika ofisi yetu ya walimu, mwalimu wa michezo ndiye aliyekuwa mnyanyuaji rasmi wa miguu yangu, na wanafunzi waliochungulia dirishani walipata simulizi za kutosha muhula mzima. Nawashauri wenye tatizo hili waifanye kwanza mbele ya daktari. Kwangu ilifanya kazi mno, na hilo likawa tatizo, kwa sababu kila nilipouzima moyo nilikuwa napoteza ushahidi.

Ujanja ulionitoa hapo ulikuwa wa karatasi. Nilimwomba yule daktari kijana aniandikie barua fupi yenye muhuri, kwamba mwenye barua hii akifika mapigo yakiwa mbioni apimwe ECG kwanza, usajili ufuate baadaye. Nikaipeleka kwa wapiga chapa wa Mwanjelwa ikavishwa plastiki, nikawa naivaa shingoni pamoja na kitambulisho cha shule. Gharama ya kipimo niliilipia kabla, na risiti nikaibana nyuma yake. Kisha nikampelekea yule dada wa vipimo ndoo ya parachichi za Rungwe, nikamweleza shida yangu kwa kirefu. Wapo walioniambia kwamba hiyo ni rushwa. Mimi nauita ujirani mwema, maana yeye ndiye aliyenipa namba yake ya simu na kuniahidi kwamba karatasi hazitaisha tena.

Siku moyo ulipoanza wakati wa kusahihisha mitihani, sikugusa bomba la sindano. Nilipita mapokezi nimeinua barua yangu juu bila kumsalimia mtu, jambo ambalo kwa mwalimu wa umri wangu si dogo, na ndani ya muda mfupi mashine ikaanza kutema karatasi: mapigo 196 kwa dakika, mistari myembamba iliyopangana sawia. Baada ya hapo walinichoma adenosini, dawa inayosukumwa haraka kwenye mshipa na kuukata mzunguko ule ndani ya sekunde chache. Hakuna aliyenionya jinsi inavyobana kifua. Kwa sekunde hizo niliamini kabisa kwamba nakufa, kisha kila kitu kikanyooka. Karatasi hiyo itolewe nakala siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa ECG hutokana na joto na hufifia ukikaa.

Kwa kawaida ile njia ya polepole huunguzwa. Ncha ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni, hupasha nyama ya moyo kwa mawimbi ya redio hadi kupita nyuzi 50, na seli zake hufa. Tiba hiyo inaponya wengi sana, lakini hufanyika milimita chache tu kutoka kwenye nodi ya AV, na ikiunguzwa nodi yenyewe, mgonjwa huishia kuwekewa betri ya moyo maisha yake yote. Hatari hiyo ni ndogo, lakini kwa umri wangu sikuitaka, nikachagua baridi, yaani njia ile ya polepole igandishwe badala ya kuunguzwa, nikijua kwamba nayo ina upungufu wake: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, tatizo lilirudi kwa wagonjwa wapatao 9 katika 100 waliogandishwa, na kwa wapatao 4 katika 100 waliounguzwa.

Miadi ya katheta ya baridi niliipata India. Fedha zilitoka kwenye mkopo wa SACCOS, kwa kaka zangu, na kwenye kiwanja cha Iyunga ambacho sasa ni cha mtu mwingine. Kwa ujumla zingetosha kusimamisha nyumba hadi kwenye lenta.

Mrija uliingizwa kwenye mshipa wa kinenani kwa ganzi ya pale tu, nikiwa macho. Pembeni ya kitanda kulikuwa na mtungi wa naitrasi oksaidi, gesi ileile inayotumiwa na madaktari wa meno, na mimi kama mwalimu wa kemia nilifurahi kuliko mgonjwa anavyostahili kufurahi. Gesi hiyo hupelekwa ikiwa kimiminika chini ya mgandamizo hadi kwenye ncha, na huko hugeuka mvuke, ikafyonza joto la nyama inayoizunguka, kisha ikavutwa kurudi nje bila kugusa damu. Ikiachwa huru huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri.

Uzuri wake ni kwamba inajaribiwa kabla. Hushushwa kwanza hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ambako seli huzimia bila kufa. Kwangu, walipofika hapo, umeme wa kawaida ulianza kuchelewa, gesi ikazimwa mara moja, damu ikapasha joto sehemu ile, na moyo ukarudi kama ulivyokuwa. Wakaisogeza ncha chini kidogo, wakajaribu tena, wakaridhika, ndipo wakashusha kupita nyuzi 70 chini ya sifuri kwa dakika nne. Katika baridi hiyo ncha huganda na kushikamana na nyama, haitelezi hata moyo ukidunda, na barafu huzipasua seli kama jalidi inavyofanya kwa majani ya viazi kule Makete. Maumivu sikuyasikia. Baadaye waliuchokoza moyo kwa dawa na kwa umeme ili ukimbie, ukagoma.

Nililala na mguu umenyooshwa kwa saa kadhaa, na paja lilikuwa jeusi nilipotua Songwe. Tangu hapo moyo haujakimbia. Nikirudiwa, nitakubali kuunguzwa.

Watu wanaonipigia simu siku hizi huuliza bei tu. Mimi nawauliza kama wana karatasi ya ECG iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni, na wengine hukata simu wakidhani nawaficha jina la hospitali.