Siku moja maishani mwangu: nachora hoteli ya msituni nikiwa kwenye vumbi la Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Naamka kabla upepo haujaamka. Ukikaa Dodoma miezi ya kiangazi unajua: ukiacha dirisha wazi na ramani zimetandazwa mezani, kufika saa nne unachora juu ya vumbi.

"Mbukwenyi, mama," namsalimia kwa Kigogo.

Mama anakoroga uji wa uwele. Anauliza kama ile nyumba ya porini imeisha. Kila siku anauliza.

Saa 2:00, ofisini. "Nyumba ya porini" ni hoteli ya vyumba 18 upande wa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hupiti kwa gari. Ni miguu yako tu. Basi mgeni aliyekuja kwa ajili ya ukimya huo hawezi kulala kwenye ghorofa la vigae linalong'aa.

Ramani ya mpima imeweka alama kila mti mkubwa, na mimi napitisha vyumba katikati yao. Kazi ya asubuhi nzima ni mti mmoja. Matawi yake yamegusana na ya jirani zake, na juu huko ndiko wanakopita mbega wekundu wa Udzungwa, ambao kwingine duniani hawapo. Nikiukata nitakuwa nimewavunjia daraja. Nausogeza ukumbi wa chakula mita tatu. Jiko nalo linasogea, karo nalo linasogea. Naanza upya.

Saa 4:30. Mteja anapiga simu. Jana alinitumia picha za Kandalama, hoteli aliyoisanifu Geoffrey Bawa kule Sri Lanka, ile iliyofunikwa na mimea mpaka unaitafuta. Anataka kama hiyo, na bwawa la kuogelea liwe mtoni kabisa. Yeye anaona majani. Mimi naona nguzo zilizoinua jengo ili maji ya mvua yapite chini.

"Mzee, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto."

"Sasa wageni watauonaje huo mto?"

"Watausikia."

Ananyamaza. Kisha anadai kuta za vioo. Namweleza kwamba ndege huona msitu ndani ya kioo na kujibamiza. Tunaafikiana wavu wa mbu na vibao vya mbao. Kiyoyozi tutagombania wiki ijayo, ingawa kwenye unyevu ule ukifunga chumba, ukungu unakula godoro.

Saa 7:00. Ugali na mlenda. Nawaza tembe la bibi: fupi, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo uleule wa uwanjani. Ukiwa mbali hulioni mpaka moshi utoke. Mwanzoni nilichora vyumba vyenye mapaa bapa kwa kulienzi. Ujinga mtupu! Mvua ya Dodoma haifiki milimita 700 kwa mwaka. Kule mashariki mwa Udzungwa ni kama milimita 2,000. Paa la bibi lisingemaliza masika moja. Nilichobaki nacho ni ule ufupi wake, na rangi ya ardhi inayolizunguka. Paa sasa lina mwinamo mkali na upenu mpana, bila mifereji maana majani yangeiziba. Maji yanadondokea kwenye mtaro wa kokoto.

Saa 9:00. Mhandisi wetu anaingia na kalamu nyekundu.

"Dada, msingi wa mkanda hapa utakata mizizi yote."

"Ndiyo maana nimeweka nguzo moja moja."

"Na mchwa?"

Tunaongeza kofia za bati juu ya kila nguzo. Anahesabu mzigo, anafuta, anahesabu tena. Vipande vyote lazima vibebwe na watu wanne, kwa sababu katapila halitaingia.

Saa 12:00 jioni ni bodaboda, upepo, mchanga machoni.

Saa 4:00 usiku. Taa za njia nazishusha usawa wa goti, zitazame chini. Namtumia mhandisi ramani mpya. Dakika kumi baadaye anajibu: "Nguzo ya 14 bado iko juu ya mzizi."

Nafungua tena kompyuta.