Mbio za baiskeli kwenye barabara za vumbi: tunavyoziandaa na vijiji vya Kishapu

Wengi wanaotaka kuandaa mbio huanza na zawadi na fulana. Mimi huanza na ratiba ya minada. Huku Kishapu, mkoani Shinyanga, barabara ambayo Jumapili haina mtu hujaa ng'ombe tangu alfajiri siku ya mnada, na hakuna mwendesha baiskeli atakayepita katikati ya kundi zima bila kushuka. Kila eneo lina siku yake, na ratiba anayo afisa mifugo wa kata. Tunaorodhesha minada yote ya jirani, kisha tunafuta siku hizo pamoja na siku inayotangulia, kwa sababu mifugo ya mbali huswagwa kwa miguu tangu jana yake.

Msimu nao unabana. Mvua za kwetu huanza Novemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukiweka mbio udongo wa mbuga ukiwa bado na unyevu, ule mweusi unaonata, hamna mashindano: unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na watu wanaishia kubeba baiskeli begani. Kuanzia Mei hadi Julai kuna ununuzi wa pamba, na malori ya kubeba pamba hayana saa maalumu. Wiki ya kwanza ya Agosti viongozi wa halmashauri wako kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kule Nyakabindi, mkoani Simiyu, hata wa kukusainia barua humpati. Kinachobaki ni katikati ya Agosti hadi Septemba, na huo ndio wakati mzuri kuliko yote. Mavuno yameshaingia, watu wana nafasi, na wengine wana hela ya kiingilio.

Njia tunaichora iwe duara la kilomita 30 linalozungukwa mara mbili, badala ya kilomita 60 za moja kwa moja. Duara linapunguza karibu kwa nusu idadi ya waongozaji, vituo vya maji na lita za petroli, na wanakijiji wanawaona wapanda baiskeli mara mbili. Njia isikanyage lami kabisa. Hata kuivuka tu barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza kunahitaji trafiki kusimamisha malori, na malori hayo yakishasimama madereva wanaanza kupiga honi na wapanda baiskeli wanachanganyikiwa. Kipande cha kuelekea mashariki tunakiweka mwanzoni mwa duara. Kiangazi upepo hutoka upande huo na huongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo ni bora mtu apambane nao mapema na arudi ukimsukuma mgongoni.

Kagua njia kwa pikipiki mara ya mwisho siku tatu au nne kabla, si mwezi mmoja kabla. Katikati hapo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanaweza kupitisha greda, na barabara iliyochongwa jana ni mbaya kwa baiskeli kuliko ile ya zamani yenye mashimo. Kokoto na murram vinakuwa vimelegea, na tairi la mbele linateleza kwenye kona. Makorongo makavu yana mchanga. Pale tunaweka bango la "SHUKA" mita 50 kabla, na hatuoni aibu kulazimisha watu watembee hatua 20.

Sasa vijiji. Hapa ndipo mbio zinapofaulu au kuharibika, na ndipo waandaaji kutoka mjini wanapoharakisha. Ukienda na barua ya mkuu wa wilaya mkononi kabla hujaongea na mwenyekiti wa kijiji, utakubaliwa kwa heshima, kisha siku yenyewe hutaona mtu njiani. Sisi tunaanza na mtendaji na mwenyekiti, tunaomba kuwekwa kwenye ajenda ya kikao cha serikali ya kijiji, na tunakwenda na mambo matatu yaliyoandikwa: njia inapita wapi, itafungwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kijiji kitapata nini. Chetu ni shilingi 150,000 kwa kila kijiji, zinazoingia kwenye akaunti ya kijiji na kukatiwa stakabadhi. Usimpe mtu mmoja mkononi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, maana utakuwa umemtengenezea maneno.

Waongozaji wa njiani wanatoka sungusungu. Ulinzi huu wa jadi ulianzia huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na mpaka leo una kamanda anayesikilizwa na utaratibu wa kuita watu. Kijana wa mjini mwenye kizibao cha reflekta akimwambia mchungaji asimamishe ng'ombe wake, mchungaji atamtazama tu. Sungusungu wa kijiji hicho anamjua mchungaji, anamjua baba yake, na anajua ng'ombe wale hupitia wapi kwenda lamboni. Mara nyingi yeye ndiye anatuambia kwamba njia yetu inakata mapito ya mifugo, na tunaihamisha.

Kwa duara letu lenye makutano 22 tunaweka watu 26: mmoja kila njia panda, na wanne wa ziada kwenye magulio, shuleni na kisimani. Kila mmoja anapewa kizibao, filimbi, bendera nyekundu na ya kijani, na kadi yenye namba ya kituo chake na namba tatu za simu. Kazi yake ni mambo mawili tu: kuelekeza, na kuzuia mifugo, bodaboda na watoto. Haondoki mpaka pikipiki ya fagio, ile inayofuata nyuma ya mpanda baiskeli wa mwisho ikiwa na bendera nyeupe, imepita mara ya pili. Sharti hili lirudie kwa mdomo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Waongozaji hudhani wapanda baiskeli wameisha wakipita 30 wa kwanza, wanakwenda kunywa chai, na wale 20 wa nyuma wanapotea. Malipo ni 10,000 na chakula, siku hiyohiyo, kwa kusaini.

Jambo moja halipangiki nalo ni msiba. Ukitokea kwenye kijiji cha njiani usiku wa kuamkia mbio, hatupitishi filimbi na honi mbele ya nyumba ile. Ndiyo maana kila kijiji tunakiwekea kichepuko kilichokwisha kupimwa, na mwongozaji wa kituo cha jirani anakijua. Umbali ukibadilika kwa kilomita moja hakuna anayelalamika.

Vibali vya serikali ni vingi ila si vigumu ukianza miezi miwili kabla. Barua inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa michezo, nakala kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kwa mganga mkuu wa wilaya ukiomba gari la wagonjwa, na kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Chama cha baiskeli, CHABATA, nacho kijulishwe, hasa ukitaka waamuzi wanaojua kazi.

Usajili tunaufanya kwa makundi manne: baiskeli za gia, baiskeli za kawaida, wanawake, na wanafunzi wanaozunguka mara moja. Za kawaida ni zile Phoenix za gia moja. Kuna walionishauri kundi hili nilipunguzie umbali. Nilikataa, maana mtu anayebeba magunia ya mkaa kila wiki hahitaji kuhurumiwa kwa kilomita 60. Wanawake wanapata zawadi sawa na wanaume.

Ukaguzi wa baiskeli unafanyika jana yake jioni, si asubuhi. Asubuhi huna muda wa kumtengenezea mtu, utamfukuza tu. Kwa Phoenix, fundi anaanza na kotapini, kile kipini kinachobana mkono wa pedeli kwenye ekseli. Kikilegea, mkono unacheza kidogo kila pedeli inapopita juu, na mtu akisimama kukimbiza, kipini kinakatika au kinakula ekseli. Namna ya kukitambua: weka mikono ya pedeli sambamba na ardhi, bonyeza pedeli zote mbili kwa nguvu, kisha izungushe nusu na ubonyeze tena. Ukisikia "tak", kimelegea. Usikaze nati peke yake, kwa sababu nati haikivuti kipini mpaka ndani. Weka kipande cha bomba la chuma chini ya mkono wa pedeli kama kiegemeo, gonga kipini kwa nyundo mara mbili tatu, halafu ndiyo ukaze. Beba vipini vya akiba vya unene zaidi ya mmoja, kwa kuwa havilingani.

Baada ya hapo ni breki (gurudumu la nyuma lazima lisimame kabisa ukisukuma baiskeli), nati za magurudumu, na mnyororo, ambao ucheze kama sentimita moja hadi mbili. Keria inatolewa. Ikilegea kwenye matuta inaangukia spoku.

Pancha ndizo zinazoharibu mbio nyingi. Mbigiri na miba ya migunga iko kila mahali, hata katikati ya barabara. Kituo cha fundi lazima kiwe na aina tatu za tyubu: 28 x 1½ za Phoenix, 26 za mauntenibaiki, na 700 za baiskeli za changarawe, zile wanazoziita gravel. Tatizo ambalo wageni hawalitegemei ni valvu. Phoenix ina valvu ya aina ya zamani, mauntenibaiki nyingi zina valvu nene kama ya pikipiki, na baiskeli za changarawe zina valvu nyembamba ya kufungua kwa vidole. Pampu moja isiyo na vichwa vya kubadilisha itakuacha umesimama na tyubu mpya mkononi. Kabla ya kuweka tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi zima, si vidole vyako. Mwiba uliotoboa ya kwanza mara nyingi bado umo humo.

Na upepo usijazwe mpaka tairi ligeuke jiwe, kama wengi wanavyopenda. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 700 x 40 anatosheka na PSI 35 hadi 40. Phoenix iende 45 hadi 50. Tairi gumu linarukaruka kwenye matuta na kupoteza mwendo.

Helmeti ni sharti, na wengi hawana. Tunakodisha na kukopesha. Mtu anachukua helmeti, anaandikwa kwa namba yake ya mbio, na akiirudisha ndipo anapata tiketi ya chakula. Za pikipiki hatukubali. Ni nzito, zinachemsha kichwa na kuziba masikio.

Maji: kwa watu 120 tunahesabu lita mbili kila mmoja njiani na moja mwishoni, jumla lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Kituo kimoja kiko kilomita ya 15 na kingine kwenye mstari wa kuanzia, kwa hiyo mtu anakutana na maji kila baada ya kilomita 15. Hatugawi chupa ndogo, zinatapakaa mashambani na mbuzi wanazitafuna. Kikundi cha akina mama wa VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, kinachemsha maji jana yake, na siku ya mbio wanajaza chupa za wapanda baiskeli kwa jagi. Dumu moja katika kila matatu lina chumvi na sukari: kwa lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mezani kuna ndizi, karanga na matobolwa. Hivyo viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa vinakaa mfukoni bila kuyeyuka wala kupondeka, tena vinagharimu kidogo sana. Vikatwe vipande vidogo, maana vikavu sana vinataka kutafunwa kwa maji.

Mishale tunachora kwa chokaa jioni ya jana yake. Ukichora siku mbili kabla, kwato za ng'ombe zinaifuta, na riboni za kufunga mitini watoto wanazichukua za kuchezea. Kila njia panda ina mishale mitatu, mita 30 kabla, penyewe, na mita 30 baadaye ili mtu ajue hajapotea, pamoja na alama ya X kwenye njia isiyotakiwa. Mshale mmoja unakula kama nusu kilo, kwa hiyo mifuko miwili ya kilo 25 inatosha na inabaki ya mstari wa kumalizia.

Tunaanza saa 1:30 asubuhi, jua likiwa limeshatoka, kila kundi likipishana na jingine dakika tano hadi kumi. Pikipiki ya mbele ikae mita 200 au zaidi mbele ya kiongozi, la sivyo inamlisha vumbi. Atakayekuwa hajaanza mzunguko wa pili saa 3:30 anasimamishwa. Hilo halina mjadala, kwa sababu jua likishapanda ng'ombe wanashuka lamboni na barabara si yetu tena.

Vifaa vya kupima muda kwa chipu ni ghali. Watu watatu wanatosha. Mmoja anataja namba, wa pili anasoma saa, wa tatu anaandika. Simu inarekodi video kwenye stendi, saa ya ukutani ikionekana ndani ya picha. Namba iwe mbele kwenye usukani na nyuma mgongoni, maana vumbi likishika ya mbele haisomeki. Chapisha kwenye turubai la mabango, si karatasi. Pingamizi linapokewa ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kubandikwa, na video ndiyo inayoamua.

Zawadi tunazitandaza mpaka mshindi wa 15 badala ya kumpa wa kwanza fungu kubwa. Tunatoa fedha taslimu. Mbuzi wanapendeza kwenye picha, ila mshindi aliyetoka Kahama na baiskeli yake hana pa kumfunga. Mchana huohuo kikundi cha vijana kinapita njia nzima kwa pikipiki kuokota mabango na takataka, na malipo yao yanatolewa wakirudi na idadi kamili ya mabango. Hesabu ya mapato na matumizi tunaibandika ofisi ya kijiji ndani ya wiki moja, pamoja na majina ya waliolipwa.